Dakika sita, pakiti tisini

Simu ile ilidumu dakika 6 na sekunde 11. Najua kwa sababu baadaye, nilipokuwa natafuta mtu wa kumlaumu, nilirudi kwenye orodha ya simu zilizoingia nikakuta muda umeandikwa pale pale. Niliipokea kwenye ngazi za dharura za jengo letu la maabara, mjini Daegu, Korea Kusini, Novemba 2024, nikiwa nimevaa koti jeupe na masweta mawili chini yake. Aliyepiga alikuwa hanuisa, yaani daktari wa tiba ya asili ya Kikorea, mwanamke mwenye sauti changamfu aliyepunguza mwendo alipogundua kuwa Kikorea changu ni cha kuungaunga. Kesho yake alasiri nilikuta boksi mlangoni. Ndani mlikuwa na pakiti 90 za maji meusi ya kupunguza mwili, kila moja mililita 100: asubuhi, mchana na jioni, nusu saa kabla ya kula.

Nilifikaje huko? Nilitoka Tanga nikiwa na kilo 63. Miaka miwili ya shahada ya uzamili, kuku wa kukaanga wa saa sita usiku, tteokbokki ya dukani chini ya bweni, na baridi inayomfanya mtu wa pwani aone kutembea ni adhabu, vikanifikisha kilo 77. Nyumbani hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Mama mdogo alinitazama kwenye simu ya video akasema, “Umenawiri mwanangu, Wakorea wanakutunza.” Wakorea wenyewe walikuwa na neno jingine. Nilipofanyiwa uchunguzi wa afya, karatasi ya majibu ilirudi na uwiano wa uzito na urefu wa 29.3, na pembeni yake neno biman, unene. Kwa kipimo cha kawaida cha Shirika la Afya Duniani, unene unaanzia 30. Korea wanaanzia 25, kwa hoja kwamba miili ya watu wa Asia hupata kisukari na presha mapema zaidi kwenye uzito mdogo zaidi. Kwa hiyo mwili wangu huu huu, ambao Tanga ungeitwa umezidi kidogo, Daegu ulikuwa tayari umeshaandikishwa ugonjwa. Niliikunja ile karatasi nikaitia kwenye kitabu. Kisha nikaanza kuifikiria kila nikipanda ngazi.

Dada mmoja wa maabara, ambaye namwita eonni kama ada inavyotaka kwa mwanamke aliyekuzidi umri, ndiye aliyenielekeza. Yeye alikuwa ametumia hanyak, dawa ya mitishamba ya Kikorea, kabla ya harusi yake. Nikamwambia sina nafasi ya kwenda kliniki, na naona aibu kujieleza mbele ya mtu. Akacheka. “Huendi popote. Wanakupigia.”

Nilijaza fomu kwenye simu. Urefu, uzito, uzito ninaoutaka. Una mimba? Unanyonyesha? Una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, tezi la shingo? Unatumia dawa gani? Unalala saa ngapi, unapata choo mara ngapi, unatoka jasho sana? Nilivutiwa na fomu ile, nisiseme uongo. Ilikuwa ndefu kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa hospitalini kwetu. Na hanuisa alipopiga simu aliyapitia majibu yangu moja baada ya jingine, akifika mahali anasema “ne, ne”, ndiyo, ndiyo, nami nikimjibu ne.

Swali mojawapo lilikuwa: unakunywa kahawa? Niliandika hapana. Alipolirudia kwa mdomo nikasema hapana tena, na kwa kujivuna kidogo, maana Wakorea na kahawa ni kama samaki na maji na mimi sikuwahi kuingia kwenye mkumbo huo. Mimi nakunywa chai. Majani natumiwa kutoka nyumbani, ya Usambara, nayapika na tangawizi na hiliki mpaka yanakuwa mekundu kama barabara ya Lushoto, na kwa siku birika linajazwa mara tatu. Hakuniuliza chai. Kwao “chai” inaweza kuwa maji ya shayiri iliyokaangwa, ambayo hayana chochote cha kumkesha mtu. Swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa sahihi, na jambo lenyewe likapita katikati yetu bila kuguswa.

Presha nako nilijibu hapana. Mimi sina. Mama anayo, na mama mdogo anayo, na bibi mzaa mama alifariki nayo. Fomu iliniuliza mimi tu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Dawa yenyewe ni chungu yenye utamu wa mbali, na harufu yake ilinirudisha uani kwa bibi Muheza, kwenye sufuria lililokuwa haliishi kutokota magome. Mdomo ulikauka. Njaa ikaondoka kama taa iliyozimwa. Nilikuwa naingia mkahawa wa chuo, nakitazama chakula, sina ugomvi nacho wala hamu nacho. Usiku sikulala, lakini sikuchoka, kwa hiyo niliandika. Sura ya tatu ya tasnifu yangu, ambayo ilikuwa imenikalia kichwani tangu mwezi wa saba, niliimaliza kwa siku nne. Katika wiki tatu nilishuka kilo 4.6. Eonni alinishika kiuno kwenye lifti akapiga kelele. Na mimi, niliyekuja Korea kusomea kemia, sikujiuliza hata mara moja ni kitu gani kinachoweza kumnyima mtu njaa na usingizi kwa wakati mmoja. Kemia naifanyia maabara. Nyumbani mimi ni mtu anayetaka sketi yake ya zamani imwingie.

Siku ya 22 nikapata mafua. Nilipita duka la dawa, nikanunua vidonge vya mafua vya kawaida vinavyouzwa bila cheti, nikavimeza baada ya pakiti ya jioni na kikombe kikubwa cha chai ya tangawizi, maana ndivyo mafua yanavyotibiwa kwetu. Saa tano usiku moyo wangu ulianza kwenda kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nimelala chali, na godoro lilikuwa linapiga pamoja nami. Niliweka vidole shingoni nikahesabu kwa saa ya ukutani: 132. Nikangoja, nikahesabu tena: 136. Mikono ilikuwa baridi na inatoka jasho. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikasoma Ayatul Kursiyu, kisha nikahesabu tena, na hivyo hivyo hadi karibu alfajiri, ilipoteremka chini ya mia.

Asubuhi nilikwenda kliniki ya magonjwa ya ndani iliyo karibu na lango la chuo. Daktari alinifanyia kipimo cha umeme wa moyo, akanipima presha, 158 kwa 97, kisha kabla sijamweleza chochote akaniuliza: “Unakunywa hanyak ya kupunguza mwili?” Nikashangaa amejuaje. Akasema msichana wa umri wangu, mwembamba wa wiki tatu, moyo unakimbia, mdomo mkavu, haihitaji uaguzi. “Ina mahwang,” alisema. Vidonge vya mafua alivitazama upande wa nyuma wa boksi, akaniwekea kidole kwenye neno moja: pseudoephedrine. Nilitamani ardhi inimeze. Ndiyo kwanza nikakumbuka kuwa hiyo nilishawahi kuichora ubaoni.

Mahwang ni kichaka cha nchi kavu za kaskazini mwa China na Mongolia, kijani kisicho na majani ya kuonekana, kimesimama kama fagio lililochomekwa mchangani. Kitaalamu ni Ephedra sinica. Mwaka 1885 mkemia wa Kijapani Nagai Nagayoshi alitenga ndani yake kemikali iliyokuja kuitwa ephedrine, na pseudoephedrine ni ndugu yake wa tumbo moja, imo katika mmea huo huo. Zote zinausukuma mwili kama mtu aliyeshtushwa: moyo unaongeza mwendo, mishipa inakaza, mirija ya hewa inafunguka, njaa inasahaulika. Kwa hiyo usiku ule nilikuwa nimekunywa fagio, nikaongeza fagio la dukani, nikashushia na majani ya Usambara.

Marekani walilijua jambo hili kwa njia ya msiba. Februari 2003 kijana wa miaka 23, Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles, alianguka mazoezini Florida akafa kwa joto kali la mwili, na vidonge vya kupunguza uzito vyenye ephedra vikatajwa katika uchunguzi wa kifo chake. Mwaka 2004 serikali yao ikapiga marufuku virutubisho vyote vyenye kemikali hizo. Korea haikuchukua njia hiyo. Hapa mahwang hairuhusiwi kuwekwa kwenye chakula wala kuuzwa kama kirutubisho, lakini hanuisa aliyesomea anaweza kumwandikia mgonjwa. Na hanuisa si mganga wa kujitangazia: anasoma miaka sita chuo kikuu, anafanya mtihani wa taifa, anapata leseni yake inayosimama sambamba na ya daktari wa kizungu. Utaratibu huo wa leseni mbili upo kwenye sheria tangu 1951. Nilipoelewa hilo ndipo nilipoelewa ile simu ya dakika sita. Bila mashauriano dawa ile ni haramu kutumwa. Simu ndiyo iliyoihalalisha.

Kuna jambo moja la lugha ambalo limenikaa. Dawa nyingi za kupunguza mwili hapa hujengwa juu ya mchanganyiko mmoja wa zamani uitwao taeeumjowitang. Ni wa Lee Je-ma, tabibu aliyeandika mwaka 1894 kwamba binadamu wamegawanyika maumbile manne, na kila umbile lina dawa zake. Ndani yake mna mbegu ngumu zile ambazo mahali pengi duniani hutungwa tasbihi, mna chestinati kavu, mbegu za figili, omija ambalo ni tunda la ladha tano, na mahwang. Lee aliutaja kwa mtu anayepata biman baada ya kula na miguu kukosa nguvu. Lakini biman yake imeandikwa kwa herufi nyingine za Kichina: maana yake ni tumbo kujaa na kukaza. Biman ya leo, ile ya kwenye karatasi yangu, ni unene. Zikitamkwa ni neno moja, zikiandikwa kwa herufi za Kikorea ni neno moja. Simaanishi kwamba dawa iligeuka kazi kwa sababu ya neno, matabibu si wajinga. Ila nilicheka peke yangu kwenye basi.

Daktari wa kliniki alikuwa amenikataza pakiti zile na kuniambia nisirudi tena kwa hao watu wa majani. La kwanza nilitii. La pili sikulitii, labda kwa sababu nimelelewa na bibi wa majani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Yangnyeongsi, mtaa wa soko la dawa katikati ya Daegu ambao umekuwepo tangu 1658. Ukishuka tu barabarani pua inakuambia umefika. Nikaingia kwa hanuisa mzee ambaye ofisi yake ina dirisha moja na redio.

Tiba yao inahesabu njia nne za kumjua mgonjwa: kumtazama, kumsikiliza na kumnusa, kumuuliza, kumgusa. Mzee alizifuata zote bila haraka. Alinitazama nilivyoingia, nilivyokaa. Akaniambia nitoe ulimi. Akanishika kifundo cha mkono wa kushoto kwa vidole vitatu, akanyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kusikia redio inasema nini, kisha akashika cha kulia. Alinibonyeza tumbo. Akaniuliza mikono yangu hupata baridi, akauliza choo, akauliza ndoto. Bibi naye alikuwa anaanzia hapo hapo: anakuvuta kope la chini, anakunusa, “Umepata choo leo?” Mzee aliposema mwili wangu una baridi ndani na joto juu, sikuhitaji mfasiri. Pwani kwetu tumekua tunaambiwa embe ni joto, dafu ni baridi, mzazi asipewe vya baridi. Nilimwelewa hanuisa yule kuliko ninavyomwelewa profesa wangu.

Kisha akauliza, “Unakunywa nini kutwa?” Hakutaja kahawa wala chai. Nikamweleza birika. Akatoa miwani.

Hakunipa dawa. Alinichoma sindano za tiba, zile nyembamba zisizo na dawa ndani, akaniambia nile kifungua kinywa, nilale kabla ya saa sita, na mtu ambaye mama yake na bibi yake wana presha yeye hampi mahwang hata akimlilia. Nililipa won 14,000 na bima ikalipa iliyobaki. Boksi langu lilikuwa won 260,000.

Nimeizungusha tofauti hiyo kichwani mara nyingi, na naona watu wanalaumu simu bure. Wanaoitetea tiba ya mbali wana hoja za kweli. Korea iliifungua kwa muda Februari 2020, wakati korona inaichoma Daegu kuliko mji wowote wa nchi hii. Miaka iliyofuata ilivutwa huku na huku. Novemba 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hanuisa aliyemhoji mgonjwa kwa simu na kumtumia dawa kwa kifurushi alivunja sheria ya tiba, hata kama mgonjwa ndiye aliyetaka. Juni 2023 tiba ya mbali ikageuzwa mpango wa majaribio, na Februari 2024 madaktari vijana walipoacha kazi kupinga kuongezwa nafasi za vyuo vya udaktari, mlango ukaachwa wazi kabisa. Kuna wazee wa visiwani na mama wa watoto watatu ambao bila simu wasingemwona daktari. Mama yangu mwenyewe, ningemtakia apigiwe.

Sindano za Wegovy, za kupunguza uzito, ziliingia Korea Oktoba 2024. Haikupita miezi miwili, watu wembamba wakawa wanaandikiwa kwa simu, na tarehe 2 Desemba wizara ya afya ikazuia dawa za kupunguza unene za aina hiyo zisiandikwe kwa mbali. Habari hiyo niliisoma nikiwa nimeshika pakiti yangu ya mchana. Nikaona haya hayanihusu, mimi natumia majani.

Kilichoniuma nilipokaa chini kuhesabu ni kwamba mashauriano ya simu yalikuwa bure. Waliandika hivyo kwa fahari, mashauriano ni bure, ulipie dawa tu. Yule mzee wa Yangnyeongsi alilipwa kwa kunishika mkono, kwa hiyo aliweza kusema hapana na bado akala mchana. Mwanamke wa simu, angeniambia hapana, angekuwa amefanya kazi dakika sita kwa ajili ya thawabu. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amewekwa mahali ambapo kila swali lake lilielekea kwenye boksi. Majibu yangu yangeweza kubadili kilichomo kwenye pakiti, yasingeweza kubadili kama zingetumwa.

Na kilichomo sikukijua. Pakiti ilikuwa na nembo ya kliniki na maneno “hifadhi mahali pa baridi”. Orodha ya viambato haikuwepo, eti ni siri ya mapishi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, wakamsema mgonjwa. Dawa inayojificha hawakuitungia.

Mwezi ulipotimia ujumbe ukaingia: mwezi wa pili una punguzo, uzito wako wa sasa ni kilo ngapi? Nikajibu kwa swali: mahwang iko gramu ngapi kwa siku? Ukapita muda. Kisha simu ikaita, na alikuwa yeye yule, sauti ile ile. Nilimweleza usiku wa moyo, vidonge, presha ya mama. Hakukatisha. Alinitajia gramu, akaeleza kwa nini alichagua kiasi hicho, akasema angejua habari ya mama asingekiweka. Nikamwambia na habari ya chai. Kukawa kimya.

“Chai ya majani meusi?” aliuliza. “Vikombe vingapi?”

Nikasema kumi, wakati mwingine kumi na viwili. Nilisikia anaandika. Aliniomba radhi kwa lile neno zito la Kikorea ambalo mdogo humwambia mkubwa, ingawa sauti yake ilinionyesha kuwa ananizidi miaka mingi. Pesa za pakiti zilizobaki hazikurudi. Zikishafunguliwa boksi hazirudishwi.

Zilibaki 24. Eonni alizitaka nikamnyima, akanuna siku mbili. Nilizikata kwa mkasi moja moja juu ya sinki la bweni, na harufu ilikaa jikoni mpaka mwenzangu wa chumba kutoka Uzbekistan akauliza nani anaumwa. Kilo tatu kati ya zile nne na ushei zimesharudi. Ugali naula, unga nanunua Itaewon kila nikienda Seoul, ni ghali kama hariri. Chai nimeshusha hadi vikombe vitatu na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Kabla ya hayo yote nilikuwa nimetuma picha kwenye kundi letu la familia, ile ya lifti, kiuno. Sasa mdogo wangu aliyeko Dar haniachi. Dada nitumie hata pakiti kumi. Nilimweleza yote haya, kwa sauti, kwa ujumbe wa dakika tisa. Akajibu kwamba mimi nimeshapungua ndiyo maana nawanyima wenzangu. Jana amenitumia picha ya mfuko mdogo wa unga wa kahawia, umefungwa kwa plastiki, hauna maandishi, kauziwa Kariakoo na mtu anayemfahamu kwa WhatsApp tu. Chini yake ameandika: “Na hii vipi?”

Nimemjibu amuulize muuzaji mna nini ndani. Alama mbili zimegeuka bluu tangu jana saa nne usiku.